Mkia wa Nyanjige

Wasukuma wakishauza pamba hawapumziki, wanacheza. Tena hawachezi kwa kujifurahisha tu. Wanacheza kwa kushindana, vyama viwili vya ngoma, Bagika upande huu na Bagalu upande ule, ngoma mbili kwa wakati mmoja kwenye uwanja mmoja, na mshindi ni yule aliyevuta watu wengi zaidi kumzunguka. Hakuna kifuta machozi kwa aliyeshindwa. Watu wakikuhama wamekuhama, na wewe unabaki unarukaruka mbele ya mbuzi.

Mwaka jana Mhoja alibaki mbele ya mbuzi. Alikuwa manju kijana wa Bagika pale Shishiyu, sauti anayo, nyimbo anazo, na ili kuwavuta watu alikuwa ametengeneza tembo wa magunia. Tembo alipoingia uwanjani, magunia yalipanda kidogo, na chini yake zikaonekana gambuti za kijani. Machibya, manju wa Bagalu, mtu mzima mwenye ulimi wa pilipili, hakuhitaji zaidi ya hapo. Alitunga wimbo papo hapo, wa tembo aliyekwenda mnadani kununua viatu, na uwanja mzima ukamhamia ukicheka. Wimbo huo uliimbwa mnadani, ukaimbwa kisimani, ukaimbwa hata na mtoto wa Mhoja mwenyewe kabla hajajua anamwimba nani.

Mhoja alikonda kwa aibu. Ndipo alipopanda basi kwenda Bariadi kwa dada yake.

Dada yake, Milembe, alikuwa mwalimu wa baiolojia katika shule moja ya sekondari. Alikuwa amemtangulia Mhoja kwa miaka mingi, akambeba mgongoni, akamfundisha kuhesabu kwa kokoto za uani. Shuleni wanafunzi walimwita Mama Mifupa. Ukutani kwake sebuleni, mahali ambapo wenzake huweka kalenda ya benki, yeye alikuwa amechora dinosau mla nyama, tairanosauri, kuanzia pua hadi ncha ya mkia, na kila mfupa una jina lake. Wageni waliuangalia mchoro ule mara moja, kisha wakageuza kiti.

Mhoja hakugeuza kiti. Alisimama mbele ya ukuta mpaka chai ikapoa.

"Dada, huyu alikula nini?"

"Kila chenye nyama. Hata wenzake."

"Na kwetu huku alikuwapo?"

"Hapana. Yeye alikaa Amerika, na alikwisha kufa miaka milioni sitini na sita iliyopita. Huku kwetu hakuna aliyewahi kuokota hata jino lake."

"Nduhu mhayo," Mhoja alisema, yaani haidhuru. "Mwaka huu atakuja kwa miguu."

Milembe alicheka, lakini moyo ulimruka. Alikuwa amefundisha miaka yote hiyo mbele ya vijana wanaopiga miayo, na ndugu zake walimheshimu kwa mshahara tu. Leo mtu wa nyumbani kwao, mwenye vumbi la ng'ombe kwenye ndala, anamwuliza habari za mnyama wake na anataka jibu. Hakuna mwalimu duniani anayeweza kulikataa jambo la namna hiyo.

Kwa hiyo kila Jumamosi alikwenda Shishiyu, na uani kwa Mhoja akawa mkali kuliko alivyokuwa darasani. Walifunga mifupa ya mianzi na waya, wakavisha magunia, na juu ya magunia ngozi za ng'ombe zilizoshonwa vizuri. Vijana walitaka mikono mikubwa ya kukamatia watu. Milembe akakataa, akasema mikono yake ilikuwa mifupi, vidole viwili tu, hata mdomoni haifiki. Walitaka macho pembeni kama ya mbuzi. Akakataa, akasema anayewinda huangalia mbele, anayewindwa ndiye anayeangalia pembeni. Meno akayachonga mwenyewe, kila moja urefu wa ndizi, na kingo zake akazitia vijino kama vya msumeno.

"Likivunjika moja, lingine lilikuwa tayari chini yake linaota," aliwaambia. "Huyu hakuwahi kuwa kibogoyo."

"Mayu we, mama yangu! Mkwe wa namna hii atamaliza zizi," akasema Luhaga, rafiki wa Mhoja tangu utotoni, na wote wakaangua kicheko. Wakampa mnyama jina la Nyanjige, jina la wasichana wanaozaliwa msimu wa nzige, kwa kuwa nzige wakipita hawabakizi.

Lakini ugomvi mkubwa ulikuwa wa mkia. Vijana waliuacha uburuzike chini kama wa mamba. Milembe alirusha kijiti alichokuwa amekishika.

"Mkia hauburuzwi! Mmewahi kuona mzani wa kupimia pamba? Huku gunia, huku jiwe, na katikati kamba. Nyonga yake ndiyo kamba. Kichwa huku, mkia huku. Ukiushusha mkia, kichwa kinakula mchanga."

Hawakumwamini. Siku ya kwanza Mhoja na Luhaga walipoingia ndani, kila mmoja akiwa mguu mmoja wa mnyama, walipiga hatua chache tu, Nyanjige akaanguka kifudifudi na Luhaga akatoka na nundu usoni. Basi Milembe akawafungia gunia la mchanga kwenye shina la mkia, nyuma kidogo ya migongo yao, mahali ambapo mnyama mwenyewe alikuwa na minofu minene ya kuvuta mapaja. Mkia ukanyanyuka. Nyanjige akatembea, kichwa juu ya paa la nyumba, anayumba kidogo kama bibi harusi mnene. Kuku wakakimbia, na Milembe akalia machozi ya furaha mbele ya watu bila kujificha.

Mhoja naye alikuwa na lake. Gambuti hazikumtoka moyoni. Aliamuru ngozi zishonwe kwa nje hadi kwenye nyayo zenye vidole vitatu, pasiachwe tundu, hata kidole cha binadamu kisionekane. Wakishaingia, tumbo litashonwa kwa kamba ya katani, na wakitaka kutoka watapiga ngozi kwa mkono ili walio nje wakate uzi. Hewa wataipata kwenye koo la mnyama, mdomo ukifunguka.

Mama yao, Kabula, aliyaona yote hayo akiwa jikoni. Alikuwa Mkatoliki wa misa zote, na ngoma za mashindano aliziogopa kwa sababu ya dawa zake. Hakuwahi kukanyaga uwanja wa mbina, ngoma hizo za mashindano, tangu aolewe.

"Mwalimu mzima, mayu," alimwambia Milembe. "Mdogo wako hajasoma, na wewe je?"

"Mama, hapa hakuna dawa. Ni sayansi tupu."

Siku ya mashindano watu walitoka Ipililo, walitoka Mwanhuzi kwa malori, wengine kwa mikokoteni ya ng'ombe. Upande wa Machibya ngoma zilinguruma tangu mchana. Alikuwa na nungunungu wawili waliofunzwa kucheza, na watu walijaa kwake kama siafu. Upande wa Mhoja palikuwa na uwazi na minong'ono kuhusu viatu.

Nyanjige akatoka nyuma ya magari. Kifuani mwake walikuwa wameficha spika, na Milembe alikuwa ametengeneza mngurumo kwa simu yake, sauti ya fahali iliyopunguzwa mwendo mpaka ikawa kama ardhi inayoguna. Umeme ulitoka kwenye jenereta dogo lililowekwa mbali, kwa waya mrefu uliomfuata mnyama kwa nyuma. Kelele za upande wa nungunungu zikakatika. Watu waligeuza shingo, kisha mabega, kisha miguu. Milembe, na kipaza sauti cha betri alichoazima kwenye michezo ya shule, akaanza kusimulia kwa Kisukuma.

Halafu mngurumo ukakatika. Mtu alikuwa ameukanyaga waya, au ng'ombe wa mkokoteni, au mkono wa mtu wa Machibya. Mpaka leo kila upande una jibu lake. Nyanjige akabaki bubu, na bubu huyo akaonekana alivyo, magunia na ngozi. Kutoka upande wa pili sauti ya Machibya ikapanda, "Tembo kabadilisha viatu!" Waliokwisha kufika wakaanza kurudi walikotoka.

Wakamrudisha Nyanjige nyuma ya magari, wakakata uzi. Mhoja alitoka jasho likimtiririka, uso umemwanguka.

"Dada, nimekwisha. Mwaka wa pili huu. Nitahama Shishiyu."

Waya ulikuwa umechanika vibaya, na mwingine haukuwapo. Vijana walishikana mashati wakilaumiana. Milembe akasimama akiangalia jenereta, kisha akaangalia mkia. Wazo lilimjia zima zima, zuri, limekamilika, na alilitamka kwa fahari ya mtu aliyepata jibu la hesabu mbele ya darasa.

"Toeni gunia la mchanga. Fungeni jenereta mahali pake. Uzito ni ule ule. Waya mrefu wa nini?"

Walimwangalia kama malaika. Luhaga peke yake akauliza, "Na moshi, mwalimu?"

"Utapita shingoni utokee puani. Watu watazidi kuogopa."

Kila mwaka, kidato cha pili, Milembe hufundisha habari ya jiko la mkaa ndani ya chumba kilichofungwa. Hufundisha jinsi hewa ile isivyo na harufu wala rangi, jinsi inavyoshika damu na kuinyima pumzi, na jinsi mtu anavyosinzia huku akidhani amechoka tu. Huuliza swali hilo kwenye mtihani, na atakayekosa humfokea. Siku ile somo lilibaki Bariadi. Alikuwa anasikia wimbo wa viatu ukija kwa upepo, na mdogo wake anafuta uso kwa shati, na yeye ndiye mwenye jibu.

Wakashona tumbo tena, safari hii kwa haraka na kwa uzi mara mbili.

Nyanjige alipotokea mara ya pili, moshi mwembamba ukimtoka puani na mngurumo ukitikisa vifua, watoto walipiga mayowe na wazee wakasimama. Upande wa Machibya ukamwagika. Watu walikimbia kuja, wakasukumana, wakapanda juu ya malori. Milembe akainua kipaza sauti. Kwa mara ya kwanza katika maisha yake watu wake wote, wa lugha yake, walikuwa kimya wakimsikiliza.

Akawasimulia Nyanjige akitoka kwenye yai, mdogo kuliko bata, ana manyoya laini, na wenzake wengi wakaliwa kabla hawajajua kukimbia. Akawasimulia miaka ya ujana, alivyonenepa kilo mbili kila siku, na wafugaji wakaguna kwa husuda. Akawasimulia pua inayonusa mzoga kutoka mbali, na taya lenye nguvu ya kuponda mfupa wa nyonga na kuumeza na uboho wake. Nyanjige alifungua mdomo na kuufunga. Akaenda kushoto, akaenda kulia.

"Lakini msidhani maisha yake yalikuwa raha," alisema Milembe. "Mbavu zake tumezikuta zimevunjika na kuunga, zimevunjika tena. Usoni ana makovu ya meno, na meno yenyewe ni ya ndugu zake."

Nyanjige akayumba. Mguu wa kulia, ule wa Mhoja, uliburuza vidole. Watu wakapiga vigelegele, na Milembe akafurahi kwa jinsi mdogo wake alivyokuwa akifuata maneno. Walikuwa wamekubaliana kwamba mwishoni mnyama atakufa, watu watasogea, kisha ataruka ghafla na kuwafukuza. Nyanjige akapiga magoti mapema, kabla hajafikishwa kwenye kifo. Milembe hakushtuka. Akasema moyoni, kijana ameona watu wamekolea, anawahi. Akauruka uzee na kuingia moja kwa moja kwenye kufa.

Akasema kwamba wanyama hawa walipatwa na ugonjwa wa taya, mashimo mfupani, koo likavimba, na mwenye meno kama misumeno akafa kwa njaa huku nyama iko mbele yake. Nyanjige alilala ubavu. Mngurumo uliendelea, kwa kuwa simu haijui kuchoka. Mdomo ulifunguka kidogo na kubaki hivyo.

Ndipo Milembe alipoona jambo ambalo Shishiyu haikuwahi kuliona. Machibya mwenyewe, na njuga miguuni, alikuwa ameacha uwanja wake na amesimama kati ya watazamaji. Nyuma yake palikuwa na nungunungu wawili na vumbi. Wameshinda! Mdogo wake alikuwa ameshinda, na wimbo wa gambuti umezikwa. Milembe angeweza kumaliza pale, aseme neno la kumwinua. Hakumaliza. Utamu ulimkolea. Aliongeza habari ya wadogo wanaokuja kunusa mzoga, akaongeza mvua inayoleta tope, akaongeza mifupa inavyogeuka jiwe polepole, na watu walisikiliza kama watu wa kanisani.

Kisha akapaza sauti, "Nyanjige, inuka!"

Watu wakarudi nyuma wakicheka, tayari kukimbia. Nyanjige hakuinuka. Akaita tena. Walicheka zaidi, wakidhani ni ujanja.

Machibya hakucheka. Alisogea, akainama kwenye mdomo wa mnyama, akakunja pua.

"Mwalimu, jenereta lenu liko wapi?"

Akachomoa kisu kiunoni, akashika uzi wa tumboni. Vijana wa Bagika wakamrukia. Manju wa upande wa pili haruhusiwi kugusa chombo chako cha ngoma, hata ngozi yake, maana hapo ndipo anapoacha dawa ya kukumaliza. Hilo mtoto wa Kisukuma analijua kabla hajajua kuchunga. Wakamwangusha chini, wakamnyang'anya kisu, wakamkalia. "Ndumba! Analeta ndumba!" Naye chini yao akawa analia kama mtoto, "Kateni, nyinyi! Kateni wenyewe!"

Swali la Machibya lilikuwa limemfikia Milembe polepole, na lilipofika, kipaza sauti kilimdondoka. Alikimbia. Hakuwa na kisu, akaanza kung'ata uzi kwa meno, na vijana walipoona mwalimu anang'ata ngozi ya ng'ombe ndipo walipopata akili wakaleta panga.

Luhaga alitoka akitapika, hawezi kusimama, hajui jina lake. Mhoja alitolewa baada yake. Uso wake ulikuwa na rangi nzuri, midomo myekundu kama ya mtu aliyetoka kuoga maji ya moto, na watu wakasema, huyu mzima, huyu amezimia tu, mpepeeni. Milembe hakumpepea. Rangi ile anaijua, ameifundisha. Alimpulizia pumzi mdomoni, akambonyeza kifua, akampulizia tena mpaka gari lilipopatikana, na ndani ya gari akaendelea. Mhoja alikuwa amekwisha kufa.

Walimzika uani, karibu na zizi. Machibya alikuja na watu wake wote bila ngoma, akachimba kaburi kwa mikono yake. Hakuna aliyemzuia safari hii.

Baada ya mazishi Milembe alikwenda hospitali kumwona Luhaga, ambaye kichwa kilikuwa bado kinamwuma. Alikaa kwenye ukingo wa kitanda, akamwomba amwambie ukweli. Luhaga aliangalia dirishani.

"Tulichoka, mwalimu. Kichwa kizito, miguu si yetu. Nilimwambia tupige ngozi watufungulie. Niliinua mkono. Akaukamata." Akageuka kumtazama. "Akasema, 'Subiri. Dada hajamaliza.'"

Milembe alirudi Shishiyu jioni. Mama Kabula alikuwa amekaa kwenye mkeka kati ya wanawake waliobaki na msiba, rozari mkononi, hasali. Alimwonyesha Milembe mahali pa kukaa.

"Kijana amesema nini?"

Milembe alimwambia yote, hakumficha neno. Mama alisikiliza hadi mwisho. Alikuwa mtu ambaye hakuwahi kufika uwanjani, hivyo aliuliza kama anavyouliza mtu asiyejua, kwa sauti ya chini, bila ukali wowote.

"Na wewe, mayu, ulikuwa unasema nini muda wote huo?"

Milembe aliangalia upande wa zizi.

"Nilikuwa naeleza anavyokufa, mama," alisema. "Watu walikuwa wanafurahi."